Mama Aliyechoka

Nilimwazima rafiki yangu riwaya, akanirudishia baada ya siku nne, uso kaukunja. "Shosti, huyu mama simpendi," akasema. "Mtoto analia usiku, yeye anamfokea. Siku nyingine anamwacha kalala peke yake, anatoka kwenda kunywa. Mama gani huyo?"

Sikubishana naye, maana alikuwa amekisoma vizuri. Hayo yote yamo, na kwa sababu hiyohiyo mimi kitabu hicho nakipenda.

Ni Hikari no ryōbun cha Yūko Tsushima. Tusiojua Kijapani tumekipata kwa Kiingereza kupitia Geraldine Harcourt, ambaye tafsiri yake ilitoka 2018. Huko Japani kilianza kuchapwa 1978 katika jarida la fasihi la Gunzō, sura moja kila mwezi, mpaka mwaka uliofuata zikatimia sura 12. Anayesimulia ni mwanamke asiyetajwa jina, ana binti wa miaka miwili anayeikaribia mitatu, wanaishi Tokyo. Mume ndiye aliyetaka waachane. Halafu mume huyohuyo anafuatana naye kutafuta nyumba ya kupanga, wanazunguka wawili wakikagua nyumba ambazo kodi yake hawaiwezi. Hapo nilicheka. Kurasa chache mbele kicheko kikaniishia.

Mwishowe anapata pa kukaa, orofa ya nne, juu kabisa ya jengo la maofisi, madirisha kila upande, jua linaingia bila hodi. Jina la jengo ni Fujino, na Fujino ndilo jina la ukoo la mumewe. Halina uhusiano wowote, limetokea tu, lakini watu wanadhani yeye ndiye mwenye jengo. Basi kila jioni akitoka kazini kwake maktaba, mwanamke huyu anaingia chini ya jina lilelile analojaribu kuliacha. Si utani mdogo huo kwa msomaji wa Kijapani wa wakati ule. Hadi 1976 sheria ilimtaka mwanamke aliyeachika arudi kwenye jina lake la kabla ya ndoa. Mwaka huo ndipo iliporekebishwa, akapewa hiari ya kubaki na jina la ndoa. Tsushima alikuwa akiandika miaka miwili tu baada ya hapo, naye mwenyewe alikuwa ameachana na mumewe na analea.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu. Sisi tukimzungumzia singo maza tuna njia mbili tu. Ya kwanza ni kumsema: kashindwa na ndoa, mdomo mrefu, mtoto atalelewa na nani. Ya pili ni kumsifu: jembe, chuma, baba na mama kwa mpigo. Hii ya pili hutolewa kwa nia njema, na mimi nimeitoa mara nyingi kwa watu ninaowapenda, lakini nimeanza kuitilia shaka. Ukishamwita mtu jembe, siku akichoka atamwambia nani? Jembe halichoki. Mama wa Tsushima anachoka. Analala kupita saa, anachelewesha mtoto. Kuna wakati anamchukia binti yake kwa nusu saa, kisha anamkumbatia kwa woga. Mwandishi hamtetei wala hamhukumu. Anatuweka naye chumbani, basi.

Niseme pia kwamba kitabu kina udhaifu wake. Ndoto ni nyingi mno kwa ladha yangu. Mbili tatu niliziruka, na sioni kama nilipoteza kitu.

Wengi wakimzungumzia Tsushima huanza na baba yake, Osamu Dazai, mwandishi mashuhuri aliyejiua Juni 1948 pamoja na mwanamke aliyekuwa hawara yake. Binti alikuwa na umri wa mwaka mmoja. Inaniudhi kidogo kuona mwanamke aliyeandika kwa miongo kadhaa, mpaka alipofariki 2016, akitambulishwa kwa mwanaume ambaye hata sura yake hakuikumbuka. Ninachokiona mimi ni kwamba huyo mtoto alilelewa na mama peke yake kabla ya yeye mwenyewe kuwa mama wa namna hiyo. Alikiona chumba hicho kutoka pande zote mbili. Labda ndiyo maana binti katika riwaya ni mtu kamili, ana hasira zake na mipango yake. Anaokota karatasi za rangi na kuzitupa dirishani zikatue kwenye paa la jirani, jirani anakasirika, inabidi dirisha liwekwe wavu. Mama anaona aibu, lakini anaona pia jinsi zile rangi zinavyopendeza juu ya vigae.

Na Fujino, yule mume? Hana hela. Ana ndoto za sanaa, ana madeni, na ana maoni tele kuhusu malezi. Mtu anaweza kudhani huyo ni mhusika wa miaka ya sabini, lakini takwimu za serikali ya Japani za 2021 zinaonyesha kwamba asilimia 28 tu ya akina mama wanaolea peke yao walikuwa wakipokea matunzo ya mtoto kutoka kwa baba. Wakati huohuo asilimia 86 ya mama hao walikuwa wakifanya kazi. Na bado karibu asilimia 44.5 ya kaya za mzazi mmoja zilikuwa chini ya mstari wa umaskini. Kwa hiyo uvivu hauna nafasi katika hesabu hii. Hata sheria ya kumpa mzazi mmoja tu haki ya malezi baada ya talaka haikuguswa hadi Mei 2024, bunge lilipopitisha mabadiliko ya kuruhusu wazazi wote wawili. Kuna mama wengi walioyapinga, kwa hofu ya kufungwa tena na waume waliowakimbia. Nikimfikiria Fujino na maoni yake, nawaelewa.

Jina la kitabu nimejaribu kulitafsiri. Ryōbun ni milki, eneo la mtu. Hikari ni mwanga au nuru. Nuru ina baraka ndani yake, ina sauti ya dua. Nimechagua mwanga, Milki ya Mwanga, kwa sababu ya lile neno letu jingine: mwanga, yule anayewanga usiku watu wakiwa wamelala. Mama anayefunga mlango polepole na kushuka ngazi saa nne usiku angeitwa hivyo mtaani kwetu, na ndiye huyohuyo aliyechagua nyumba kwa ajili ya madirisha.

Kuna sura moja mama anasikia maji usingizini. Baadaye wa chini wanalalamika kwamba dari linavuja, na macho yote yanamgeukia mwanamke mwenye mtoto. Kwake wanakuta pakavu. Kumbe maji yametoka juu, kwenye paa. Mama na binti wanapanda kutazama, wanakuta paa lote limejaa maji yanayometameta, na mtoto anapiga kelele kwamba ni bahari.

Rafiki yangu hakuitaja sura hiyo. Nimempelekea tena kitabu, kona ya ukurasa nimeikunja.