Mtumba, nguo mpya ya Kariakoo na mkono wa fundi

Kila mjadala wa mitumba unapoibuka, watu hugawanyika mara moja. Wapo wanaosema mtumba ndio uliomwezesha binti wa Mbagala kuingia ofisini na koti linalokaa kama la mkurugenzi wake. Wapo wanaosema nguo iliyovuliwa na mtu mwingine ni udhalili, tena imeua viwanda vyetu, hivyo mwenye fedha kidogo na anunue kipya hata kama ni cha bei ya chini. Nimevaa vyote kwa miaka mingi, kazini na kwenye sherehe, na naona pande zote mbili zinamsahau mtu mmoja ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho: fundi cherehani. Nguo nafuu inapendeza ikikaa mwilini, na kukaa huko hakutoki kwenye robota la mitumba wala kwenye mfuko wa nailoni wa nguo mpya.

Nitoe mfano wa koti. Mwaka jana nilipata koti la kike la rangi ya udongo pale Karume, Ilala, asubuhi robota likiwa ndiyo kwanza linakatwa kamba. Saa hiyo bei iko juu, maana nguo za kwanza kutoka ndizo zenye hali nzuri. Ukienda jioni utakuta zimemwagwa chini na muuzaji anaimba bei ya kutupa, lakini wenye macho wameshapita. Nililipa shilingi 12,000. Mabega yalinikaa sawasawa, kiuno kikawa kipana kama gunia, mikono ikafika kwenye vidole. Fundi alifumua bitana, akabana pembeni, akapandisha mikono, akang'oa vifungo vya plastiki na kuweka vya rangi ya shaba. Akachukua 10,000, vifungo vikiwa humo humo. Kwa 22,000 nina koti ambalo nimelivaa karibu kila wiki tangu hapo, na halijalegea mshono hata mmoja.

Mabega nimeyataja kwa makusudi. Kiuno, urefu, mikono, mapaja ya suruali, yote hayo fundi anayamudu kwa siku moja. Bega likikataa, iache nguo hiyo hata ukiambiwa uchukue bure. Ndani yake kuna pedi, kuna bitana, kuna mkono ulioungwa kwa mzunguko, na kulifumua ni kama kuanza koti upya. Pesa nyingi zinazopotea sokoni zinapotea hapo: mtu anapenda rangi na lebo, anasahau bega.

Sasa upande wa pili, kwa haki yake. Nguo mpya za bei ya chini zimejaa Mtaa wa Kongo kuanzia juu hadi chini. Saizi zipo, hulazimiki kuamka alfajiri, huhitaji kuchemsha maji ya kuloweka ukifika nyumbani. Mama mwenye watoto watatu na kazi ya siku nzima hana saa mbili za kuchambua lundo, na wanaosifia mtumba husahau kuuhesabu muda huo kama gharama. Kuna nguo ambazo hazina hata mjadala: za ndani ni mpya tu, na biashara ya nguo za ndani za mtumba imepigwa marufuku nchini.

Tatizo ni kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Pindua gauni jipya la bei ya chini utazame ndani. Mara nyingi mshono umekatwa karibu kabisa na uzi, hakuna akiba ya kitambaa, kwa hiyo ukinenepa kidogo fundi hana pa kuachia. Vifungo vimeshikwa na uzi mmoja. Maua ya kitambaa hayakutani kwenye mshono. Na kitambaa chenyewe mara nyingi ni poliesta tupu, ambayo kwa joto la Dar es Salaam hainyonyi jasho. Saa sita mchana umeshalowa mgongo na harufu imeanza. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuchome. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuganda kama kishanga kigumu. Gauni la 25,000 lililovaliwa mara nne ni ghali kuliko koti langu.

Hapo nimeegemea upande wa mtumba, na sitaki kuficha. Ila hoja ya viwanda ni nzito, na haijibiwi kwa kusema "watu ni maskini". Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 1968, na khanga na vitenge vyake vilivaliwa nchi nzima. Leo sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza inauzwa nje ikiwa ghafi, kisha tunanunua kitambaa kutoka kwa wengine. Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, mitumba na vitambaa vya nje viliingia kwa wingi na viwanda vikayumba. Lakini mitumba haikuwa peke yake. Mitambo ilikuwa imechakaa, umeme ulikatika, madeni yalikuwa yamerundikana, na vitambaa vipya vya magendo viliuzwa bei ambayo kiwanda chenye kulipa kodi hakikuiweza. Ukiufuta mtumba kesho, atakayefaidika kwanza ni mwagizaji wa kontena la poliesta.

Tumeliona hilo likijaribiwa. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo zilizotumika ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikatishiwa kuondolewa kwenye mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma, Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ilibaki na msimamo wake: ushuru wa nguo zilizotumika ulikuwa umepanda kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo zinazotoka Rwanda. Naiheshimu Rwanda kwa kukubali kulipa gharama ya uamuzi wake. Hata hivyo uamuzi wa namna hiyo unaanza kumbana mtu wa kipato cha chini siku ile ile, wakati kiwanda cha kumvalisha kinahitaji miaka kusimama.

Na ubora wa mtumba wenyewe unashuka. Robota linanunuliwa likiwa limefungwa. Mchuuzi analipa bila kuona, akifungua akakuta nusu ni fulana zilizovutika na sweta zenye vinyweleo, hasara ni yake. Nguo zinazotengenezwa Asia kwa kuvaliwa mara chache London au Chicago ndizo hizo hizo zinazotufikia baada ya kuvuliwa, kwa hiyo udhaifu wa ile nguo mpya ya Mtaa wa Kongo sasa umo pia kwenye robota. Zisizouzika zinaishia jalalani na mitaroni, nasi ndio tunaobaki nazo. Anayesema mtumba ni bora siku zote anazungumzia robota la miaka 20 iliyopita.

Ndiyo maana nasisitiza mkono wa fundi, na pwani yetu ilianza siku nyingi kujibunia vazi kwa mkono. Khanga inasimuliwa kuwa ilitokana na leso: karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa vya mkononi vyenye michoro, vikiwa vimeungana kwenye jora, wakakata urefu wa vitatu na vitatu, wakaviunga ubavu kwa ubavu, ikatoka nguo ya kujifunga. Hawakusubiri mtu awabunie. Zanzibar ya wakati huo, mtumwa alivaa kaniki au merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyotoka Marekani. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1897, wanawake walioachiwa huru waliingia kwenye khanga kwa shauku, kwa sababu kitambaa kile cha rangi kiliwatangaza kuwa wanajimiliki. Nikisikia mtu akisema maskini hana haja ya kujali mavazi, hao ndio ninaowakumbuka.

Kitenge kinafanya kazi hiyo leo. Nenda Mtaa wa Uhuru, chagua cha pamba, kiloweke usiku kucha kabla hujampelekea fundi, maana pamba hunywea, na gauni lililoshonwa bila kulowekwa litakubana baada ya kufuliwa mara moja. Shona sketi nyofu ya rangi mbili au tatu, si gauni lenye mabawa ambalo kila mtu atalikumbuka. Sketi hiyo itavaliwa na blauzi nyeupe Jumatatu, fulana nyeusi Jumamosi, na lile koti la Karume siku ya kikao. Sketi moja, mitoko mitatu. Anayenunua kila kitu kikiwa seti hawezi kuvichanganya hivyo.

Kuna wanaopinga kwamba fundi naye ni ghali na hana uaminifu wa siku. Wana haki. Nimewahi kuambiwa "njoo kesho" wiki tatu mfululizo, na nguo ikatoka na kola iliyopinda. Dawa niliyoipata ni kuanza na kazi ndogo, kupandisha pindo au kubadili zipu, nione mshono wake kwa ndani kabla sijamkabidhi kitambaa. Na nikimpata, simpunji. Tunabishana bei ya fundi kwa nguvu ambayo hatuitumii dukani, ilhali kazi ya fundi ndiyo inayotupendezesha.

Vito vina hesabu yake. Hapa bei nafuu inaweza kukuumiza mwili, si mfuko tu. Hereni za shilingi 2,000 zinazong'aa kama dhahabu mara nyingi ni madini mchanganyiko yaliyopakwa ukoko mwembamba wa rangi. Ukoko ukitoka, shaba inakutana na jasho na kuacha alama ya kijani kwenye ngozi; hiyo inaoshwa ikaisha. Nikeli, madini mengine ambayo mara nyingi yamo humo, ndiyo mbaya zaidi. Mdogo wangu alivaa jozi moja kwenye harusi, asubuhi ndewe zikawa zimevimba na kutoa maji, na tangu hapo hata kifungo cha jinzi kinamwasha tumboni. Mzio wa nikeli ukishakuanza hauondoki. Umoja wa Ulaya uliiwekea nikeli sheria mwaka 1994. Kwenye meza zetu za barabarani mnunuzi analindwa na macho yake.

Kwa hiyo kwenye vito msimamo wangu ni mkali kuliko kwenye nguo: kinachopita ndani ya ngozi kisiwe cha kubahatisha. Jozi moja ndogo ya fedha yenye alama ya 925, inayoonyesha ubora wa fedha, au ya chuma cha pua (stainless steel) kutoka kwa muuzaji unayemfahamu, itatosha miaka. Kinachokaa juu ya nguo, au kinachozunguka mkono bila nikeli kugusa ngozi, hapo cheza utakavyo: mkufu wa shanga, bangili za pembe, utepe wa kitenge uliobaki kwa fundi ukazungushiwa bangili kuukuu. Mkufu mmoja mpana wa shanga za Kimasai juu ya gauni jeusi la mtumba unabeba vazi zima. Ukiongeza hereni ndefu na pete nne, macho hayajui pa kutua.

Linalonisumbua zaidi ya yote haya ni sare za sherehe. Mtu anaweza kujua bega, pamba na nikeli, akajipangia vizuri mwaka mzima, kisha kadi tatu za mchango zikaingia na kila moja ina kitambaa chake cha lazima. Shangazi yangu anazitetea sare kwa moyo: anasema ndugu wakiingia ukumbini na rangi moja, bibi harusi anajua ana watu, na picha ile inabaki hata baada ya wazee kuondoka. Ni kweli, nimeiona furaha hiyo. Nimemwona pia binamu akikosa kuja kwa sababu ya 45,000 ya kitambaa na mshono, akidanganya kuwa mtoto anaumwa. Mwezi ujao tuna sendofu. Nimeiomba kamati itaje rangi tu, kijani, na kila mtu aitafute anakoweza, iwe dukani, kwenye robota au kabatini kwake. Shangazi amesema atalifikiria, akaniuliza kijani gani.