Koki nne za Vanderbilt

Kilichonisimamisha ndani ya kasri la The Breakers, kule Newport, Rhode Island, Marekani, ni bafu. Dhahabu nilikuwa nimeshaichoka. Hodhi la mwenye kasri, tajiri wa reli Cornelius Vanderbilt II, ni la marumaru, na lina koki nne: mbili za maji matamu, mbili za maji ya chumvi, moto na baridi. Mimi mtoto wa Tanga, maji ya chumvi nimezoea kuyasuuza nikitoka pwani. Huyu bwana aliyavuta yamfuate chumbani, na Atlantiki iko pale pale mwisho wa bustani!

Wanasimulia kwamba marumaru ile ilikuwa ya baridi mno, hata hodhi likabidi kujazwa maji ya moto na kumwagwa mara kadhaa ndipo bwana aingie. Nikabaki najiuliza nani alikuwa akijaza na kumwaga.

Kasri lina vyumba 70, kazi ya msanifu Richard Morris Hunt, 1893 hadi 1895. Matajiri wa Newport waliyaita majumba haya vijumba vya kiangazi. Vijumba! Nyumba ya awali ya mbao iliteketea 1892, na hofu ya moto unaiona kila mahali katika hii mpya: mihimili ni ya chuma, jiko limetengwa na vyumba vya familia, boila ya kupasha nyumba ilifukiwa mbali nje na joto lilikuja kwa handaki. Mwenyewe hakuifaidi. Mwaka 1896 alipata kiharusi, 1899 akafariki.

Sina ugomvi na kuitunza. Bintiye Gladys aliikodisha mwaka 1948 kwa chama cha uhifadhi cha Newport kwa dola 1 kwa mwaka, na 1972 chama kikainunua. Ndiyo maana akina sisi tunaingia. Ugomvi wangu ni njia tunayopitishwa. Nilipokwenda, handaki lilikuwa na tiketi yake ya pembeni, kana kwamba makaa na mabomba ni nyongeza. Ningekuwa mimi, mgeni angeanzia huko chini, apande na joto mpaka kwenye kuta zenye platinamu za chumba cha asubuhi, akifika anajua nani alizipasha.

Nilikata ile tiketi. Tulishuka watu sita. Juu, foleni ya kupiga picha ngazi kuu ilikuwa imefika mlangoni.