Ndama wa mchango

Nyumbani wakitusema sisi tulioko Marekani, wimbo ni ule ule: mmegeuka watu wa vitu, Mungu mmemwacha uwanja wa ndege. Sikatai, ukweli upo. Hapa Texas, kando ya barabara kuu, kuna safu za vyumba vya kukodi visivyo na dirisha, na wapangaji wake si watu, ni vitu. Mwenzangu kazini analipia kimoja kila mwezi. Ndani kuna meza ya kulia watu wanane, makochi, na baiskeli ya mazoezi iliyolazwa miguu juu. Nyumbani kwake havienei, na kuviuza roho inamuuma. Isaya 46 inawaonyesha Beli na Nebo, miungu wa Babeli, wamepakizwa juu ya wanyama waliochoka. Huku mnyama aliyechoka ni huyu jamaa, anayeongeza zamu za Jumapili ili alipe kadi ya mkopo.

Ila yeye anabeba peke yake. Kwetu tunabebeshana.

Kasomeni tena Kutoka 32 kwenye Biblia, pale Waisraeli jangwani walipojitengenezea ndama wa dhahabu wa kuabudu. Tunakumbuka ndama na hasira za Musa, tunaruka utamu wenyewe: ndama yule alikuwa wa mchango! Haruni aliwaambia watu wavue pete za dhahabu masikioni mwa wake zao, wana wao na binti zao, nao wakaleta. Kamati ya harusi kabisa. Musa alipomhoji, mweka hazina akajitetea kwamba dhahabu aliitupa tu motoni, akatoka ndama. Utetezi huo nimeusikia sana kwenye kamati zetu za Dar: ukumbi umepanda, mapambo yamepanda, MC naye kapanda, na hakuna aliyepandisha.

Juzi kwenye grupu la ukoo ziliingia taarifa mbili wiki moja. Ya harusi ikajaa ahadi: laki tatu, laki tano, mmoja akajitolea keki. Ya shangazi anayesubiri upasuaji ikajaa "pole sana" na "Mungu ampe wepesi". Watu wale wale, simu zile zile.

Sisemi michango ife. Ndiyo inayozika wafu wetu bila familia kuuza shamba, na huyu mwenzangu wa Texas akiugua hakuna atakayempitishia daftari. Hata wale wa jangwani, sura chache mbele, walichangia hema takatifu mpaka Musa akapiga mbiu wasilete tena, vimezidi. Mkono wa kutoa walikuwa nao. Kwetu mkono huo umezoea ukumbi wenye taa za rangi, na sisi wa ughaibuni ndio tunaoharibu zaidi, maana ahadi zetu za dola ndizo zinazopandisha bei ya kadi ya harusi.

Kwa hiyo ndugu katibu wa kamati, ahadi yangu ya harusi ni elfu hamsini, usiniandikie zaidi. Zilizobaki naomba namba ya malipo ya hospitali ya shangazi, na uiweke palepale kwenye grupu, chini ya orodha ya wachangiaji wa ukumbi.