Mwasumini Ukilegeza Majani, Weka Ndoo Chini Kwanza

Desturi ya kuumwagia maji kila mmea uliolegeza majani imeota mizizi katika nyumba zetu za Pwani, nami naamini inaua miasumini mingi kuliko jua la kaskazi. Mtu hutoka uani saa nane mchana, akaona majani yameinama, akachota ndoo. Jioni akiyakuta bado yameinama huchota nyingine. Majani yakianza kugeuka manjano na kupukutika, hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na chupa ya dawa ya wadudu, ilhali hajamwona mdudu hata mmoja. Katika muda wote huo hakuna aliyetia kidole udongoni.

Jani husimama kwa sababu seli zake zimejaa maji. Maji hayo hunyonywa na mizizi, hupanda kwa mishipa ya shina, kisha hutoka kama mvuke kupitia vitundu vidogo mno vilivyo kwenye jani. Yanayotoka yakizidi yanayopanda, jani hulegea. Kwa hiyo jani lililolegea linatuarifu jambo moja tu, kwamba maji hayalifikii kwa kiasi cha kutosha. Halitwambii kwamba udongo umekauka. Udongo unaweza kuwa umelowa chepechepe na mmea ukafa kiu, kwa kuwa mizizi imeoza, au imeshambuliwa, au maji yenyewe yana chumvi kiasi kwamba mizizi haiwezi kuyavuta.

Ndiyo maana napenda uchunguzi uanze alfajiri, wala si mchana. Saa sita hadi saa tisa, hasa kati ya Desemba na Machi, hata mwasumini wenye afya njema unaweza kulegeza majani machanga kwa sababu jua linafyonza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Jua likipoa, majani hujirudi yenyewe. Mmea wa namna hiyo unahitaji matandazo ya nyasi kavu au makumbi shinani ili udongo usichemke, na kama uko kwenye chungu, usogezwe mahali penye kivuli cha mchana. Lakini ukiukuta umelegea saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachoma, hapo pana tatizo la kweli. Chomeka kidole cha shahada udongoni hadi pingili ya pili. Kukiwa kukavu huko chini, mwagilia polepole mpaka maji yapenye, kwa sababu udongo wa mchanga uliokauka sana huyaacha maji yateremke pembeni bila kulowesha mizizi. Kukiwa na unyevu, usiongeze hata kikombe.

Jirani yangu mmoja alikuwa na mwasumini kwenye chungu cha saruji, karibu na mlango wa nyuma, nao ulikuwa ukimwagiliwa asubuhi na jioni kwa mapenzi makubwa. Tulipoupindua tukakuta tundu la chini limezibwa na kokoto na tope lililoganda. Udongo ulinuka kama kinamasi. Mizizi, ambayo ilipaswa kuwa migumu na yenye rangi ya maziwa au kahawia hafifu, ilikuwa myeusi na laini, na ukiubana mmoja kwa vidole viwili ganda lote lilichomoka likabakia uzi mwembamba wa ndani. Mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji. Maji yakijaza kila nafasi iliyomo udongoni, hewa hukosekana, mizizi hufa, na kuvu wa kuozesha hupata makao. Mmea ule ulikuwa na kiu katikati ya maji, na kila ndoo ya huruma iliuzidishia mateso.

Tiba yake inadai ujasiri. Mizizi yote iliyooza hukatwa kwa kisu safi mpaka ifike penye uhai, udongo wa zamani hutupwa, tundu la chungu hufunguliwa, na mmea hupandwa upya katika mchanganyiko mwepesi wa udongo, mchanga na mboji iliyoiva. Kisha matawi nayo hupogolewa, hata theluthi moja yake iondolewe, jambo ambalo wengi hulikataa kwa kuuonea huruma mmea ulio mgonjwa. Ni huruma isiyousaidia, kwa sababu mizizi iliyopungua haiwezi kulisha majani yaleyale ya awali. Baada ya hapo mmea ukae kivulini, umwagiliwe mara udongo wa juu unapokauka tu, na usipewe mbolea yoyote mpaka utoe machipukizi mapya.

Suala la chumvi linatuhusu sisi wa Pwani kuliko wengi. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya magadi au ya chumvichumvi, nasi huyatumia bustanini kwa kuwa ni ya bure. Chumvi ikijikusanya udongoni hushindana na mizizi kuvuta maji. Dalili zake huonekana kwa macho: ukoko mweupe juu ya udongo au ukingoni mwa chungu, na ncha za majani zilizoungua zikawa kahawia huku katikati kukibaki kijani. Hapa, na hapa pekee, nashauri maji mengi kwa mara moja: maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba, yamiminwe taratibu mpaka yatoke chini kwa wingi, yarudiwe, kisha chungu kiachwe kichuruzike. Kukinga maji ya paa wakati wa masika kwa ajili ya miasumini si anasa. Mbolea ya chumvichumvi ikizidi, na samadi mbichi ikirundikwa shinani, huleta madhara yanayofanana na hayo.

Mizizi ikiwa na vinundu kama shanga, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo inayoshambulia mizizi, ambayo hupenda sana udongo wa mchanga. Ulio kwenye chungu ubadilishiwe udongo wote, na ulio ardhini uongezewe mboji kwa wingi. Tawi moja likilegea peke yake huku mengine yamesimama, tafuta jeraha, tundu la mdudu au njia ya mchwa kwenye tawi hilo, ulikate chini ya palipodhurika. Vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba, hujificha kwenye makwapa ya majani, na mara nyingi msafara wa sisimizi ndio utakaokuonyesha walipo. Kitambaa na maji ya sabuni hutosha wakiwahiwa.

Nalalamikia waziwazi mtindo wa kuuziana dawa kabla ya kuulizana maswali. Muuzaji wa pembejeo anayejali angeuliza mmea uko ardhini au kwenye chungu, maji yanatoka wapi, na asubuhi unakuwaje. Dawa ya wadudu haifufui mzizi uliooza, na mbolea huubebesha mmea mgonjwa chumvi nyingine. Asumini tunayoivaa kwenye kikuba pamoja na mkadi na mrihani, na kuitandaza kitandani mwa maharusi, inastahili uangalizi bora kuliko huo.

Ikiwa mizizi imekwisha yote na shina limekauka kutoka chini, usingoje. Kwenye matawi ambayo bado ni ya kijani ndani ukiyakwaruza kwa ukucha, kata vipandikizi vya urefu wa sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, uvichomeke kwenye mchanga mnyevu kivulini. Chomeka vingi kuliko unavyohitaji, kwa sababu vilivyotoka kwenye mmea uliodhoofika havitashika vyote, na vile vitakavyotoa majani mapya ndivyo vya kuhamishia kwenye chungu chenye tundu lililo wazi.