Rumba, singeli na kwaya ndani ya grupu moja la spika

Magrupu ya WhatsApp na Telegram ya wapenzi wa sauti yana sheria moja ambayo mara nyingi haijaandikwa, ila admini huikumbusha mjadala ukichemka: ladha ya mtu haijadiliwi. Unapenda rumba, sikiliza rumba. Mwenzako akileta singeli, mwache na singeli yake. Wanaoitetea sheria hii wanasema ndiyo inayofanya magrupu haya yadumu, wakati ya siasa na ya mpira yanavunjika kila kukicha. Wanaoilaumu, na wengi wao ni mafundi, wanasema upole umezidi hadi umezaa uongo: mtu anaisifia sabufa mbovu kwa sababu mwenyewe ni rafiki, kesho mgeni anabeba hela zake kwenda kuinunua.

Nadhani pande zote mbili zina hoja, ila zinavutana kuhusu mambo mawili kana kwamba ni moja. Anachokipenda mtu ni chake. Anachokidai kuhusu kifaa ni cha wote watakaosoma.

Nianze na ladha, kwa sababu hapa kwetu Mwanza si jambo dogo. Jiji hili limekusanya watu wa kanda nzima ya ziwa, na kila mmoja amekuja na masikio ya kwao. Wa Kagera amekua na enanga, ala ya nyuzi ya kwao, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akamsikia Saida Karoli akiimba Kihaya redioni nchi nzima. Wa Mara ana litungu la Wakurya, tena ana benga: D.O. Misiani, aliyekuja kuvuma Kenya kama mfalme wa benga, alizaliwa karibu na Shirati, upande wetu wa mpaka, mwaka 1940. Msukuma wa Magu au Kwimba ana ngoma ya bugobogobo. Ongeza kwaya, ambazo hapa zina uzito wake (Kwaya ya Vijana ya AIC Makongoro inajulikana mbali sana na Mwanza), hip hop iliyomtoa Fid Q, zilipendwa za wazee wetu, na vijana wa Igoma na Buhongwa wanaotaka singeli yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Grupu la watu 300 wa mji huu haliwezi kuwa na ladha moja hata admini akitaka.

Kawaida mchanganyiko huu hutetewa kwa hoja ya adabu: tuheshimiane. Ni hoja nzuri, ila dhaifu, kwa sababu adabu hiyo mara nyingi huishia kwenye ki-emoji cha moto kilichowekwa chini ya wimbo ambao hakuna aliyeufungua. Ipo hoja nzito zaidi, na imetoka maabara.

Floyd Toole alianza kupima spika akiwa Baraza la Taifa la Utafiti la Canada, baadaye akahamia kampuni ya Harman, Marekani, ambako aliendelea na kazi hiyo pamoja na Sean Olive. Kwa miaka mingi waliwaketisha watu wasikilize spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Pazia likiondolewa, alama zilibadilika: ukubwa, sura na jina la kifaa viliingia masikioni pamoja na muziki. Pazia likirudi, wengi, wawe wazoefu au la, walielekea kupenda spika za aina moja, zile zisizokuza wala kumeza sehemu yoyote ya sauti. Tena waligundua kwamba nyimbo hazilingani katika kufichua kasoro. Muziki uliojaa, wenye besi, mwimbaji, magitaa na matoazi kwa pamoja, uliwasaidia wasikilizaji kutofautisha spika kuliko ala moja ikipigwa peke yake au mtu akiongea. Kupima spika kwa gitaa moja tulivu ni kama kujaribu mtumbwi mchangani.

Sasa rudi kwenye grupu. Mpenda rumba ataleta wimbo wenye magitaa matatu, solo, mi-solo na rhythm, na sabufa iliyojazwa besi itaimeza ile mi-solo ya katikati. Yeye ataligundua hilo papo hapo; kijana wa singeli pengine hata hajui kuna kitu kimepotea. Lakini kijana huyo ataleta kasi, na kasi hufichua besi isiyojua kusimama: pigo la kwanza halijazimika, la pili limeshafika, unachosikia ni mngurumo mmoja mrefu. Mtu wa kwaya atafichua kitu kingine. Sauti 40 zikipanda pamoja, spika dhaifu ya kati huanza kukwaruza hata kabla volyumu haijafika mbali. Na mzee wa zilipendwa atakuja na lawama ambayo ina ukweli wake: spika mpya, nzuri kwa kila kipimo, imemharibia nyimbo zake. Zilirekodiwa kwenye tepu, zikahamishiwa kaseti, kaseti ikahamishiwa flashi, na spika inayosema kila kitu inamsomea pia ule mvumo wa tepu uliokuwa umefichwa na redio yake ya zamani.

Hakuna mmoja kati ya hawa anayesikia spika nzima. Wakiwa kila mtu na grupu lake, kila grupu litasifia kifaa chenye kasoro ambayo muziki wao hauifikii. Duniani kote wapenzi wa sauti wana ugonjwa huu: kwenye maonyesho ya spika, kuanzia Ulaya hadi Asia, utapigiwa Hotel California ya Eagles, ile ya jukwaani ya 1994, mpaka watembeleaji wameufanyia utani. Wimbo umerekodiwa vizuri, na ndiyo sababu wauzaji wanaupenda.

Hata hivyo wanaotaka magrupu yagawanywe kwa aina ya muziki si wachoyo wa urafiki. Wana hesabu. Wimbo wa dakika nne kwa MP3 ya kbps 128 ni karibu MB 4. Kwa kbps 320 unakaribia MB 10. Ukiwa FLAC, faili lisilokata sauti, la ubora wa CD unaweza kufika MB 25 au 30. Faili 50 za kbps 320 zinamaliza bando la MB 500, na kwenye grupu changamfu lenye watu wa ladha zote, nyimbo 50 ni kazi ya wikiendi moja. Mwenye simu inayopakua yenyewe ataleft kimyakimya, na hakuna atakayejua kwamba kilichomfukuza ni kwaya ya Jumapili asubuhi juu ya singeli ya Jumamosi usiku.

Halafu kuna kina, na hapa ndipo ninapowaelewa zaidi. Kaa kwenye grupu la zilipendwa pekee utakutana na mtu anayemtambua mpiga solo kwa sekunde chache, anayejua bendi ipi iligawanyika na nani akaondoka na nani. Ujuzi huo unahitaji ukimya fulani. Mwingize kwenye grupu la mchanganyiko, andiko lake refu kuhusu santuri ya mwaka 1974 litasukumwa juu na picha 12 za boksi za inchi 15 na swali la bei. Mara ya tatu ataacha kuandika. Kumpoteza mtu wa namna hiyo ni hasara ambayo heshima ya jumla haiifidii.

Suluhisho lake si gumu sana: grupu kubwa la vifaa, vijigrupu vya nyimbo pembeni, na sheria kwamba wimbo ukiletwa kwenye grupu kubwa uje na sababu. "Sikilizeni gitaa la kushoto dakika ya pili, kwenye sabufa yangu halipo." Hapo hata asiyeipenda rumba ana kazi ya kufanya. Kebehi ya "huo nao muziki?" inayoelekezwa kwa vijana wa singeli ingepungua yenyewe kama singeli ingekuwa chombo cha kupimia.

Upole kwenye madai ni mgumu zaidi. Nje huko kuna mifano miwili ya majukwaa ya mtandaoni inayopingana waziwazi, na yote ina zaidi ya miaka 20. Head-Fi, ya wapenzi wa hedifoni, inajulikana kwa ukarimu; mgeni hukaribishwa kwa utani wao maarufu, "karibu Head-Fi, pole kwa pochi yako". Ubishi wa majaribio ya kufumba macho, kama yale ya pazia, umetengewa kona yake ya sayansi ya sauti, usiwaharibie wengine starehe. Hydrogenaudio wamefanya kinyume: kanuni yao ya nane inasema ukidai kitu kimoja kinasikika vizuri kuliko kingine, leta ushahidi, kama jaribio la ABX ambalo unasikiliza bila kujua unachosikiliza ni kipi. Ya kwanza imejaa watu na vicheko. Ya pili imejaa majibu unayoweza kuyaamini, na mgeni aliyezoea kusema "nahisi" atajiona kaingia chumba cha mtihani.

Magrupu yetu kwa sehemu kubwa yamechagua njia ya kwanza, bila ile kona ya sayansi. Ona suala la wati. Sabufa za mezani madukani hubandikwa namba za kutisha: wati 8,000 PMPO, wati 12,000 PMPO, yaani nguvu ya kilele cha muda mfupi mno. Soketi ya kawaida ya ukutani nchini ni ya ampea 13, umeme wake volti 230. Zidisha, unapata kama wati 3,000. Kifaa hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia, kwa hiyo hizo 12,000 ni pambo la boksi. Geuza nyuma usome palipoandikwa umeme unaotumika, mara nyingi utakuta namba isiyofika hata 200. Na hata namba ikiwa ya kweli, nguvu ikiongezeka mara mbili sauti hupanda desibeli 3 tu. Sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, linahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Aliyelipa laki ya ziada kutoka wati 50 kwenda 100 amepata kidogo sana.

Haya mafundi wanayajua. Tatizo ni namna wanavyoyasema. Mtu anatupia picha ya mzigo mpya, furaha tele, fundi anajibu neno moja: "umepigwa". Ni kweli, na ni bure kabisa, maana duka halirudishi hela. Wapole wanasema hapo bora kunyamaza. Wangekuwa sahihi kama mazungumzo yangekuwa ya watu wawili. Lakini wasomaji wengine 299 wa grupu bado hawajanunua, na pongezi 40 zilizopangwa chini ya ile picha kwao ni ushauri. "Hongera mkuu kwa mzigo. Wakuu wengine mnaofikiria kuchukua kama huu, someni nyuma kwanza, namba ya mbele haina maana" ingemwacha mwenye mzigo na heshima yake. Si sentensi ngumu. Inaandikwa mara chache kwa sababu grupu limezoea kuchagua kati ya kusifia na kuzomea.

Ukali una gharama nyingine isiyosemwa. Wanawake ni wachache mno kwenye magrupu haya, na wanaoingia huuliza swali moja, wakijibiwa kwa kejeli hawarudi. Sidhani ni kwa sababu hawapendi besi.

Wapo wanaosema kejeli ni utamaduni wetu, na hutoa mfano wa Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma vilivyotokana na Ngika na Gumha karne ya 19, ambavyo bado hukutana kwenye Bulabo pale Bujora, Kisesa. Pande mbili zinacheza wakati mmoja, zinarushiana nyimbo za kukejeliana, zinatumia dawa na vituko, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Mfano ni mzuri, ila unaunga mkono upande ambao hawakuutaka. Pale hakimu ni miguu ya watazamaji, na kwa ladha hakimu huyo anatosha. Aliyevuta umati amevuta umati, hakuna cha kupinga. Spika haipimwi hivyo. Watu 200 wakikubaliana kwamba sabufa ina wati 12,000, soketi inabaki ya ampea 13.

Kwa hiyo kama ningekuwa admini ningeacha ladha huru kabisa, ningebana madai, na ningekuwa mkali zaidi kwa muuzaji kuliko kwa mnunuzi. Magrupu mengi yana wauzaji ndani, wengine ndio waanzilishi, na upole wa wanachama ndiyo biashara yao. Anayeuza ajitaje anauza, basi.

Jaribio la pazia nalo halihitaji maabara ya Canada. Karakana ya fundi yeyote Mabatini au Nyegezi, sabufa mbili, shuka moja zito. Sauti zilinganishwe kwanza kwa programu ya simu ya kupima desibeli, kwa sababu kifaa kinachopiga juu zaidi hata kwa kiasi kidogo huonekana bora bila sababu. Nyimbo nne, zichaguliwe na watu wanne wenye ladha tofauti: mmoja wa rumba, mmoja wa singeli, mmoja wa kwaya, mmoja wa zilipendwa. Kila aliyehudhuria amtumie admini kura yake inbox kabla hajafungua mdomo, na shuka lisiondolewe mpaka kura ya mwisho iingie.