Magari ya kamba Kilimanjaro: wagumu wanahesabu siku

Kila mjadala wa kujenga magari ya kamba, yale yanayoning'inia kwenye nyaya, kwenye Mlima Kilimanjaro unapoibuka, wapagazi, wale wanaoitana wagumu, huonekana kama watu wanaoogopa maendeleo. Wazo hilo lilitangazwa mwaka 2019 na Constantine Kanyasu, wakati huo Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii, na tangu hapo limekuwa likilala na kuamka. Wanaoliunga mkono wana hoja nzito. Ila upande wa wagumu, wanaokadiriwa kufikia 20,000, husikika kama kilio cha ajira tu, wakati wanachosema kinagusa namna mlima wenyewe unavyoingiza fedha.

Kilimanjaro unauzwa kwa siku. Ada ya hifadhi hulipwa kwa siku, kambi kwa usiku, na ujira wa mgumu, mpishi na mwongoza watalii huhesabiwa kwa siku walizokaa mlimani. Chukua kundi la watalii wanne wanaopita njia ya Machame kwa siku saba. Kwa makadirio ya chini watahitaji wagumu 12. Hizo ni siku za kazi 84, na bado hujamgusa mpishi wala waongoza watalii. Sasa chukua watalii wanne wanaopanda na gari la kamba asubuhi, wakapiga picha uwanda wa Shira, kwenye takriban mita 3,700, wakashuka kula chakula cha mchana mjini. Siku za kazi za wagumu ni sifuri. Utaniambia watakuja watalii wengi zaidi. Sawa, waje mara kumi: sifuri mara kumi ni sifuri. Zitabaki nafasi za wakata tiketi, mafundi na walinzi, na nafasi hizo hazifiki mamia ya kaya za Machame, Marangu na Rombo kama mzigo wa begani unavyofika.

Anayetaka kuelewa hili asimame kwenye geti asubuhi, mizigo inapopimwa. Kikomo cha mgumu mmoja ni kilo 20. Mfuko ukining'inizwa kwenye mizani ukasoma 23, unafunguliwa palepale, mtungi mdogo wa gesi au mfuko wa viazi unatolewa, na akikosekana wa kuubeba anaitwa mtu mwingine aliyekuwa akisubiri nje tangu alfajiri. Zile kilo tatu zimempa mtu kazi ya wiki nzima. Ukifuata fedha hiyo inaposhuka utaikuta kwa muuza mayai, kwa mama anayekodisha chumba, na Soko la Memorial mjini Moshi, ambako makoti ya baridi na viatu vya mitumba hununuliwa na watu wanaojiandaa kupanda.

Sisemi kazi hiyo ni nzuri kama ilivyo. Malalamiko ya ujira pungufu na chakula duni yapo miaka mingi, na yanastahili kusimamiwa kwa ukali zaidi. Ila dawa ya ujira mdogo ni kuusimamia ulipwe, na gari la kamba halimpunguzii mgumu hata kilo moja, maana abiria wake hana hema wala jiko la kubebewa.

Upande wa pili una jambo ambalo wapinzani hulikimbia. Mzee wa Kibosho, chini ya mlima, aliyekitazama kilele cha Kibo maisha yake yote, mtu mwenye ulemavu wa miguu, mfanyakazi asiye na likizo ya wiki wala fedha za safari: hawa ni wenye mlima kuliko mgeni yeyote, na wengi wao hawatafika hata Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu. Watetezi husema pia kwamba Table Mountain ya Cape Town ina magari ya kamba tangu 1929 na watu bado wanaupanda kwa miguu. Ni kweli. Lakini Table Mountain ni mita 1,086, unapandwa na kushukwa ndani ya saa chache, na haukuwahi kulisha maelfu ya wapagazi. Mfano huo hauthibitishi kitu kuhusu mlima wa mita 5,895.

Kuhusu wazee na wasiojiweza, tayari ipo barabara upande wa Londorossi inayopanda hadi uwanda wa Shira, na magari ya uokoaji huitumia. Ziara chache za magari, kwa idadi iliyowekewa kikomo na kwa bei ambayo Mtanzania anaimudu, zingewafikisha watu hao juu bila nguzo mpya kusimikwa katika msitu unaonasa mvua ya wakulima wa kahawa na migomba walio chini. Nashangaa njia hii haizungumzwi zaidi.

Halafu kuna hewa. Kwenye mita 3,700 za Shira oksijeni ni takriban theluthi mbili ya ile ya pwani. Anayepanda kwa miguu hutumia siku mbili tatu kufika huko, na mwili huzoea. Anayepandishwa kwa gari hufika kabla mwili haujajua. Kwa mtembezi wa saa moja hatari hiyo inasimamika. Wasiwasi wangu ni kwa wapandaji wenyewe, kwa sababu siku za kuzoea ndizo za kwanza kukatwa kampuni zinaposhindana kwa bei. Kituo kikiwepo Shira, atajitokeza wa kuuza kilele kwa siku nne, na wa pili atalazimika kumfuata. Siku zikipungua, wanaofika kilele cha Uhuru hupungua na wanaoshushwa kwa machela huongezeka; waongoza watalii wanalijua hili kutokana na safari fupi za njia ya Marangu.

Ndiyo maana tathmini yoyote ya mradi inayotaja idadi ya watalii watarajiwa peke yake haitoshi. Iweke mezani siku za kazi za sasa kwa kila njia, siku zitakazobaki baada ya mradi, na sharti kwamba anayeelekea kileleni asitumie gari la kamba kupanda. Wagumu wapewe jedwali hilo walisome kabla mkataba haujasainiwa.