Slavia ya 2020/21 inastahili heshima zaidi ya hii tunayoipa

Mtajie shabiki yeyote habari ya timu iliyobeba ubingwa bila kupoteza mechi, moja kwa moja atakwenda kwa Arsenal ya Arsène Wenger, msimu wa 2003/04. Haki yao, hakuna anayewanyang'anya. Lakini tuweke hesabu mezani. Arsenal ile ilishinda mechi 26 na kutoka sare 12. Slavia Praha ya Jamhuri ya Czech, msimu wa 2020/21, ilishinda mechi 26 vilevile, ikatoka sare 8, na hakuna aliyeifunga. Pointi 86 katika mechi 34. Kwangu mimi huo ni mmoja wa misimu mikubwa kabisa ya klabu barani Ulaya katika miaka ya karibuni, na inaniuma kuona jinsi unavyopitwa kimyakimya.

Kila nikilisema hili najibiwa vilevile: ligi yenyewe ndogo, nani anawajua Opava, nani anawajua Příbram? Ni kweli hao wawili walishuka daraja mwaka huohuo pamoja na Zbrojovka Brno, na sitawapamba. Ila kipimo kipo ndani ya ligi hiyohiyo. Sparta, watani wa jadi wa Slavia, nao walishachukua ubingwa bila kufungwa, msimu wa 2009/10. Walishinda mechi 16, wakatoka sare 14, na wakawapita Jablonec kwa pointi moja tu. Sparta ile ilikuwa ngumu kufungika, basi. Slavia hii ilikuwa inakuja kukufunga, nyumbani kwako au kwake, na Sparta wenyewe walikiona cha moto katika debi zote mbili za ligi.

Tukumbuke pia mazingira. Msimu uliotangulia uliparaganyika kwa sababu ya korona na hakuna timu iliyoshushwa, kwa hiyo ligi ikaanza na timu 18 badala ya 16. Oktoba ikasimamishwa, ikarudi Novemba, mechi zikachezwa viwanja vikiwa vitupu. Ratiba ilibanana: Alhamisi Ulaya, Jumapili ligi, katikati ya wiki kombe. Timu nyingi kubwa zilipoteza mwelekeo mwaka ule, na mabingwa waliojikwaa hovyo hawakuwa wachache.

Slavia yenyewe ilianza vibaya. Septemba ilitolewa na Midtjylland ya Denmark katika mchujo wa mwisho wa Ligi ya Mabingwa, 4-1 mechi ya pili, na hela nyingi zikaenda na maji. Siku chache baadaye Vladimír Coufal akaondoka kwenda West Ham kumfuata Tomáš Souček, aliyekwisha kutangulia. Hao wawili mnawafahamu, tumewaona kila wikiendi kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Klabu ikiuza beki wa kulia na kiungo wa namna hiyo ndani ya mwaka mmoja, kwa kawaida inayumba. Slavia haikuyumba, na hapo ndipo ninapomvulia kofia kocha Jindřich Trpišovský.

Trpišovský, mzee wa kofia na suti ya mazoezi, alichukua timu Desemba 2017 akitokea Slovan Liberec. Mpira wake ni wa kukaba mtu kwa mtu uwanja mzima. Beki wako akipokea mpira kutoka kwa kipa, tayari kuna mtu mgongoni mwake. Akigeuka kulia yupo, akigeuka kushoto yupo. Mpira wa hivyo unataka mapafu na utii kuliko majina, na ndiyo maana alipoondoka mmoja, aliyeingia alikuta kazi yake imeshaandikwa. Ona usajili wake: wengi walitoka kwenye klabu za palepale Czech ambazo wakubwa wa Ulaya hawana muda wa kuzitazama.

Mfano wangu ni Abdallah Sima, kijana wa Dakar. Kiangazi cha 2020 Slavia ilimchukua kutoka Táborsko, klabu ya madaraja ya chini. Alikuwa na miaka 19. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa na mabao 11 ya ligi, na mwaka huohuo akanunuliwa na Brighton. Mbele alikuwapo Jan Kuchta, mfungaji bora wa ligi kwa mabao 15 sawa na Adam Hložek wa Sparta, na pembeni Peter Olayinka wa Nigeria, aliyefika huko kwa njia ndefu kupitia Kupro ya Kaskazini na Albania. Oscar Dorley wa Liberia na Ibrahim Traoré wa Ivory Coast nao walikuwamo kikosini. Ubingwa ule una jasho la Afrika Magharibi ndani yake.

Na hao wa "ligi ndogo" nawaomba waitazame Ulaya, kwenye Ligi ya Europa ambako Slavia iliangukia baada ya kutolewa Ligi ya Mabingwa. Februari 2021 Leicester ilikuwa kwenye nafasi za juu kabisa Uingereza, na miezi michache baadaye ikabeba Kombe la FA. Slavia ilitoka nayo 0-0 Praha, ikaenda kuifunga 2-0 kwake. Ikafuata Rangers, ambao nao walikuwa hawajafungwa katika ligi ya Scotland na walimaliza hivyohivyo. Sare 1-1 Praha, kisha Slavia ikashinda 2-0 Ibrox, uwanja wa Rangers, Olayinka akifungua na Nicolae Stanciu akimaliza kwa mpira wa adhabu kutoka mbali. Robo fainali ikawakutanisha na Arsenal. London ilikuwa 1-1, Tomáš Holeš akisawazisha kwa kichwa dakika za nyongeza. Marudiano Slavia wakala nne, tatu kati ya hizo ndani ya dakika sita. Wana Arsenal wa kwetu wanaikumbuka vizuri. Lakini kipigo hicho hakikuivuruga timu: ligi ikamalizwa bila doa, na kombe la nyumbani likachukuliwa kwa kuifunga Viktoria Plzeň 2-1 katika fainali.

Siwezi kuusifu msimu huu nikaruka usiku ule wa Ibrox. Ondřej Kúdela, beki wa Slavia, alimfuata Glen Kamara wa Rangers, akaziba mdomo kwa mkono na kumwambia kitu sikioni. Kamara alisema ameitwa nyani. Kúdela alikana kutumia neno la ubaguzi, akasema alitukana tu. UEFA ilimkuta na hatia ya ubaguzi wa rangi na kumfungia mechi 10. Kamara naye akafungiwa mechi tatu kwa kumshambulia Kúdela baada ya mchezo.

Kilichonikera zaidi ni klabu. Kauli zake za mwanzo zilikuwa za kumkinga mchezaji wake tu, kabla uchunguzi haujafanyika, wakati bao la kwanza la usiku uleule lilifungwa na Olayinka. Klabu yenye Olayinka, Sima, Dorley na Traoré kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo ilipaswa kunyamaza kwanza, imsikilize Kamara, halafu ndiyo iseme. Viongozi walikuwa na deni kwa vijana wao wenyewe, na kwa maoni yangu hawakulilipa.

Wachezaji na benchi la ufundi hawakuwa na deni kwa mtu. Asiyeniamini atafute mechi ya marudiano ya Leicester, aanzie kipindi cha pili: dakika ya 49 Lukáš Provod, dakika ya 79 Sima. Awatazame mabeki wa Leicester wanavyokosa hata nafasi ya kuinua kichwa, kisha aniambie tena kuhusu ligi ndogo.